Mikono ya Nsimire

Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa napiga pasi, na jirani yangu akawasha jenereta lake chini ya dirisha langu. Harufu ya mazutu, dizeli, ikaingia sebuleni, ikakaa kwenye mapazia na kwenye nguo zilizokunjwa. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mimi nilisimama pale na pasi iliyoanza kupoa, nikawa na miaka kumi na mitano tena, mwenye kucha nyeusi na wivu. Ninyi mliokulia Bukavu miaka ile ya Zaire mnaijua harufu hiyo, ingawa si lazima iwakumbushe mambo mabaya.

Papa alikuwa fundi wa mota ndogo. Simaanishi magari. Alitengeneza mota za mashine za kusaga mihogo, zile za silinda moja ambazo mlio wake ulifika mpaka ng'ambo ya maji, pamoja na mota za mitumbwi ya ziwani na jenereta za watu wachache waliokuwa nazo. Kazi aliifanyia uani kwetu, mtaani Nguba, chini ya mabati aliyoyaegemeza kwenye miti ya mikaratusi. Udongo wa ua ule ulikuwa umekunywa mafuta miaka mingi, ukawa mweusi na mgumu, na hata mvua ya Bukavu haikuweza kuufanya tope. Piesi, yaani vipuri, hazikupatikana. Maduka ya wageni yalikuwa yamepewa wenyewe wapya na serikali, na wenyewe wapya waliuza vilivyokuwamo, kisha wakafunga milango. Basi Papa alikata joint za kuzuia mafuta yasivuje kutoka kwenye katoni na ngozi za viatu vikuukuu, na pompu ya gari lililokufa aliweza kuitia kwenye mota ya kusaga unga ikafanya kazi miaka.

Hakuwa na mtoto wa kiume. Tulikuwa mabinti wawili, mimi Nabintu na mdogo wangu Nsimire, tuliopishana miaka miwili. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa nchini, yakabaki kanisani na kwa nyanya yetu. Ndugu za Papa walimwuliza kila mara atamwachia nani kele zake, yaani spana, na yeye, ambaye hakupenda kuulizwa jambo mara mbili, akanivalisha koti lake la zamani la kazi nilipotimiza miaka kumi na minne. Nilijifunza kuita kele kwa namba zake za Kifaransa. Nilijifunza kuosha filta, kutoa hewa kwenye bomba la mazutu, na kupima nafasi ya supapu, vali za mota, kwa kupitisha wembe wa kunyolea, kwa kuwa kipimo chenyewe hatukuwa nacho. Wateja walimwita Papa Nabintu, kama watu wa kwetu wanavyomwita mzazi kwa jina la kifungua mimba wake. Mimi nililichukulia jina hilo kama hati ya shamba. Papa alikuwa wangu, na Nsimire nilimwazima tu wakati wa chakula.

Kisha Nsimire akaugua surua. Ilikuwa kali, alilala karibu muhula mzima, na alipoamka alikuwa mwembamba hata shingo ilionekana ndefu. Mama akasema asirudi shuleni upesi, akae uani na Papa apate jua. Nilidhani ni kwa wiki moja. Wiki ya pili nilimkuta amekaa kwenye kigoda changu, mikono yake midogo imejaa grisi, na Papa ameinama juu yake.

Kuinama kule ndiko kulikoniua. Papa alizungumza nami kutoka upande wa pili wa ua, kwa sauti ya kazi, kama alivyozungumza na wateja. Nabintu, leta kele ya quatorze. Nabintu, umeacha mazutu inamwagika. Lakini kwa Nsimire alisogea, akaweka mkono begani mwake, akapeleka mdomo karibu kabisa na sikio lake la kuume na kumweleza jambo polepole, na mtoto yule aliitikia kwa kichwa kwa uzito wa mtu mzima. Sikuwa na shaka hata kidogo juu ya kinachoendelea. Kulikuwa na siri za ufundi ambazo hazisemwi kwa sauti, na Papa alikuwa akimpa yeye. Nilijipitisha karibu nao na beseni la kuoshea piesi, nikajifanya nimeangusha boloti, nikapiga magoti kuitafuta. Sikuambulia neno. Nilipomwuliza Nsimire kitandani Papa alikuwa anamwambia nini, alinitazama mdomo, akafikiri, akasema ni mambo ya supapu tu. Nikaona kwamba ameapishwa asiseme.

Halafu likaja la turnevisi. Papa alikuwa na turnevisi moja, bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, na ndiyo aliyotumia kuisikiliza mota ikizunguka. Unaweka ncha kwenye chuma, unaweka sikio kwenye mpini, na kila sehemu ya ndani inakusemea yake. Mimi alinifundisha hivyo. Nsimire alimfundisha kuuma mpini kwa meno na kufumba macho, na kuweka kiganja cha mkono wa pili ubavuni mwa mota. Siku moja waliletewa mota ya mtumbwi iliyokuwa ikipoteza nguvu. Nilisikiliza kwanza, nikasema kwa uhakika wote kwamba ni pompu. Nsimire akauma mpini wake, akakaa hivyo kwa muda mrefu, akaweka kidole mahali pa chini, karibu na shafti. Papa akaifungua mota, na beringi ilikuwa imekwisha mahali hapo hapo. Alicheka. Papa yangu, ambaye hata kwenye arusi hakuonyesha meno, alicheka mpaka mwenye mtumbwi naye akacheka. Mimi nilitaka kumzaba kibao mtoto yule palepale.

Jioni nilijaribu. Niliuma mpini nikapata ladha ya mafuta na mate ya mdogo wangu. Papa aliponiona akaninyang'anya turnevisi.

“Weye uko na masikio,” akasema. “Tumika na masikio yako.”

Nilisikia kwamba nimeambiwa sistahili. Sikulala vizuri siku nyingi kwa maneno hayo.

Katika ua wetu palikuwa na sheria moja. Mota hizo ziliwashwa kwa maniveli, chuma kilichopinda ambacho unakichomeka na kukizungusha kwa nguvu zako zote mpaka gurudumu zito lishike mwendo, kisha unaachia kishikizo cha juu na mota inalia. Mafundi wengine walipiga kelele tu na kuzungusha. Papa alisema “Mikono”, kisha akangoja. Kila aliyekuwa uani alipaswa kuinua mikono yote miwili juu, hata awe mteja, hata awe amekuja kuomba moto. Papa aliihesabu kwa macho. Tukiwa wanne alitaka mikono minane, na asipoiona minane hakuzungusha. Nilimwona padri akiinua mikono pale kama yuko altareni, na mkubwa mmoja wa ofisi aliyevaa abakosti, ile suti ya viongozi isiyo na tai, akiinua yake huku anatazama huku na huku kama kuna anayemwona. Watu walitania kwamba kwa Papa Nabintu mota zinakamata wezi. Sheria ile haikuwapo nilipoanza kazi. Ilianza baada ya Nsimire kuja uani, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Wakati huo Papa alikuwa anamalizia mota ya akina mama wa Nyangezi, waliokuwa wamechangishana ili wasiende tena mbali kusagisha mihogo yao. Kazi ilichukua miezi miwili. Ikimalizika, Papa angekwenda nayo Nyangezi juma zima kuisimika na kuwafundisha wenyewe kuitunza, na alikuwa amesema atamchukua mtoto mmoja wa kumsaidia. Mtoto gani tena? Nilifua gauni langu. Niliwaambia wasichana wa avenue yetu yote, na kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na kufuli, niliwaambia pia kwamba mota itawashwa na mimi, mbele ya kijiji kizima.

Mezani, siku tatu kabla ya safari, Papa alisema atakwenda na Nsimire. Alisema hivyo tu, akaendelea kula. Niliuliza kwa nini, nami ni mkubwa na nina nguvu za maniveli. Mama akajibu badala yake kwamba nilikuwa na mitihani, na kwamba Nsimire ana mkono mwepesi. Nsimire hakuinua uso kutoka kwenye sahani, na nikaona ni majivuno. Nilikwenda jikoni nikalia, nikikwaruza sufuria kwa hasira ili wanisikie. Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, ikawa siku ya kuijaribu mota kwa mara ya mwisho. Mama mmoja kutoka Nyangezi alikuwa amefika kushuhudia, na Papa akaingia naye ndani kwanza ampe chai. Uani tulibaki mimi na Nsimire. Yeye alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa mota, ameinamisha kichwa, anakaza mkanda mdogo wa pompu ya maji. Mimi nilikuwa upande wa gurudumu. Maniveli ilikuwa imeegemezwa pale pale kwenye mguu wa meza.

Niliichukua. Nilikuwa sijawahi kuwasha mota peke yangu. Mara zote Papa alishika kishikizo nami nikazungusha, au kinyume chake. Nilifikiri kwamba ikiwaka mikononi mwangu, mbele ya mgeni, Papa hatakuwa na la kusema, na itabidi anipeleke. Nikachomeka chuma mahali pake na kuita “Mikono” kwa sauti ya kufika mpaka ndani ya nyumba.

Nsimire hakuinua. Niliuona mgongo wake tu, na kisogo. Nikaita tena. Akaendelea na mkanda wake kana kwamba aliyeita ni mbuzi wa jirani. Kwa Papa angeinua mara moja, kwa Papa alikuwa anainua hata kabla ya neno kwisha. Lakini mimi ni nani? Nikajiambia kwamba anataka kunionyesha kuwa sina amri pale. Sikuita mara ya tatu. Nilishika kishikizo kwa mkono wa kushoto, nikazungusha kwa wa kuume kwa nguvu zote za wivu wangu, na nilipoachia, mota ikawaka.

Iliwaka vizuri. Ilipiga safi, sawasawa, bila kukohoa, na mimi nilikuwa nimeiwasha peke yangu. Sikumtazama Nsimire. Nilikuwa nautazama mlango wa nyumba nikitabasamu, namngoja Papa atoke. Akatoka. Alitoka mbio, mikono mbele, na mimi nilidhani anakimbia kwa furaha. Akanipita.

Kelele za mota zilikuwa zimefunika za mdogo wangu. Papa alikata mazutu, mota ikafa, ndipo nikasikia. Mkanda ulikuwa umevuta mkono wake wa kushoto mpaka kwenye puli. Mama wa Nyangezi alivua kitenge chake akaufunga, na Papa akambeba Nsimire kwenda hospitali kwa miguu, kwa sababu hapakuwa na gari na hakutaka kungoja. Nitasema hapa jambo ambalo sikumwambia hata padri. Nilipowaona wanapanda barabara, uso wake umefichwa shingoni mwa Papa, nilitamani damu ile iwe yangu. Sikutamani kwa kumhurumia. Nilitamani kubebwa.

Vidole viwili vilikatwa, cha shahada na cha kati. Nyumbani hakuna aliyenipiga, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Kila aliyekuja kutupa pole nilimweleza kwamba niliita mara mbili na Nsimire hakujibu. Ilikuwa kweli, niliirudia kama rozari, na kila niliporudia nilimwona Mama akimtazama Papa, na Papa akitazama chini. Jioni moja akasema, bila kumwambia mtu maalumu, “Kosa iko yangu.” Nikalidaka neno hilo haraka na kulificha. Kama lilikuwa la Papa, basi halikuwa langu.

Akina mama wa Nyangezi walikuwa wanangoja mota yao. Papa akanichukua mimi. Nilipanda juu ya lori nikiwa nimevaa gauni langu lililofuliwa, nimekaa kando ya mota, nimepata kila kitu nilichokitaka, na Papa akakaa mbele na dereva, kisogo kwangu, kuanzia Bukavu mpaka Nyangezi. Siku tuliyoiwasha, ua ulijaa watu. Papa alisema “Mikono”. Wote wakainua, watoto wakicheka. Papa hakuhesabu ya watu. Alitazama yangu tu, vidole kumi vizima, akaitazama kwa muda mrefu hata watu wakaanza kushusha yao, halafu akazungusha mwenyewe.

Baada ya kula aliniita pembeni ya banda. Aliniambia kwamba Nsimire hasikii. Surua ilikuwa imeua sikio la kushoto, na la kuume lilikuwa linakufa kidogo kidogo, na daktari alisema hakuna cha kufanya. Ndiyo maana alimwinamia. Ndiyo maana ya meno, kwa kuwa mfupa unapeleka sauti hata sikio likikataa. Sheria ya mikono ilikuwa kwa ajili yake, ili mtu asiyesikia awe na jibu la kutoa. Na alimchagua kwa Nyangezi kwa sababu shule isingemtaka tena, na Papa alitaka watu wamzoee kama fundi kabla hawajamjua kama kiziwi.

Nikamwuliza kwa nini hawakuniambia.

“Weye unasemaka sana, Nabintu,” akasema bila ukali. “Avenue yote ingejua. Tuliogopa mudomo yako. Hatukuogopa mikono yako.”

Ungefikiri wivu ungeisha hapo. Haukuisha, ulipata aibu tu. Nilirudi Bukavu nikavua koti la kazi, nikasema nataka kumaliza shule, na nikamaliza. Nimekuwa katibu wa ofisi miaka mingi, nina kucha safi. Nsimire alirudi uani baada ya miezi michache. Alijifunza upya kushika kele kwa vidole vitatu, na Papa alipozeeka ni yeye aliyeibeba kazi. Alisikiliza mota kwa meno mpaka watu wa mbali, wa Kamanyola, wakawa wanaleta zao. Taratibu wateja wapya walianza kumwita mzee wetu Papa Nsimire. Nililisikia jina hilo mara ya kwanza nikiwa nimekuja kusalimia na mtoto mgongoni, na niliumia kama msichana wa miaka kumi na mitano.

Sikumwuliza kamwe juu ya siku ile mpaka Papa alipokuwa amekwisha kutuacha na sisi wenyewe tuna mvi. Ilikuwa wakati wa maandalizi ya mahari ya binti yangu. Tulikaa wawili nyuma ya nyumba tunasafisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, beseni katikati yetu, yeye akiwakata vichwa upesi kwa mkono ule ule wa kushoto. Nilimgusa goti ili anitazame mdomo. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimeita mara mbili, na kwamba sikujua kuwa hasikii, na kwamba nimemwomba Mungu msamaha kwa kumzungushia mota mtu ambaye hakuweza kujua kama nipo. Nililia kidogo nikisema hayo. Nadhani nilingoja anifariji.

Nsimire akatikisa kichwa.

“Nilijua uko, yaya,” akasema, kwa neno letu la dada mkubwa. “Niliona miguu yako chini ya mota. Niliona na maniveli.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakuutoa mkono kwenye mkanda.

“Ule mukanda ulikuwa karibu kuingia. Nikasema nimalize kwanza, ataningoja.” Akachukua sambaza mwingine. “Kama ingekuwa miguu ya mutu mwingine, ningetosha mukono mbio.”

Hakusema kwa kunisuta. Alisema kama mtu anayeeleza kazi, akaendelea kukata. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa Papa, kwa mota, kwa turnevisi, kwa jina. Maisha yangu yote sijamwachia mtu yeyote mkono wangu namna ile, hata mume wangu, hata Mungu, na nikiwa nimekaa pale mbele ya vidole vyake vitatu nikamwonea wivu hata kwa hilo.